Ziwa Limepotea Dirishani: Kutatua Matatizo ya Mwanga kwenye Picha za Ndani za 3D

Mama mmoja niliyemchorea sebule ya nyumba yake kule Bwiru, Mwanza, aliikagua picha yangu ya kwanza kimya kimya, kisha akauliza: “Mwanangu, ziwa langu liko wapi?” Nilikuwa nimehangaika siku tatu na sofa, mapazia na dari la jipsamu. Dirishani, pale ambapo mama yule alilipia kiwanja cha bei kubwa ili aone maji na mawe, palikuwa peupe kama karatasi.

Tangu hapo vijana wenzangu wanaochora nyumba hapa Mwanza wameniletea mafaili mengi, na malalamiko ni yale yale. Wengi wanalaumu upangaji wa toni, yaani ile hatua ya mwisho ambapo programu inaubana mwanga wote wa sini (chumba na mandhari uliyoyajenga kwenye programu) uweze kuingia kwenye skrini. Wanavuta vitelezi usiku kucha. Mara nyingi kosa liko nyuma zaidi: kwenye kioo, rangi ya ukuta, taa, au ekspoja, yaani kiasi cha mwanga ambacho kamera imeruhusiwa kupokea. Naomba ufuate mpangilio huu kila mara: rekebisha mwanga wa sini kwanza, kisha ekspoja, vitelezi vya toni viwe vya mwisho. Ukianza na toni utaficha kosa, nalo litarudi kwenye picha inayofuata.

Mifano mingi hapa ni ya Blender, programu ya kuchora kwa 3D, kwa sababu ni ya bure na ndiyo wengi wetu tunayo. Wa V-Ray na Corona, programu nyingine za kuzalisha picha, nao nitawagusa.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Zima madoido yote: mng'aro wa kuzunguka taa, ukali wa rangi, giza la pembeni. Picha ikipona hapo hapo, umeshampata mchawi.

Washa mwonekano wa False Color. Unageuza picha kuwa ramani ya mwanga: kijivu ni katikati, bluu na kijani ni chini yake, njano ni juu, nyekundu inakaribia kuungua na nyeupe imeshaungua. Jicho lililokesha mbele ya skrini linadanganya, ramani hii haichoki.

Kisha shusha ekspoja kwa stopu 3. Stopu moja ni kuzidisha au kugawa mwanga kwa 2, kwa hiyo stopu 3 ni kugawa kwa 8. Ziwa likijitokeza, ujue lilikuwemo muda wote na kazi yako ni ekspoja na toni. Dirisha likibaki jeupe hata baada ya hapo, huenda kosa limo ndani ya sini yenyewe. Kipimo hiki kinachukua sekunde 10, na ndicho kilichoniokolea muda kuliko vyote.

Dalili: dirisha limeungua, ziwa na anga havionekani

Hii ndiyo inayoongoza, kwa hiyo nitakaa nayo.

Jua kali la mchana linamwaga nje takribani lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia uso wa kitu). Ndani ya sebule, hatua chache kutoka dirishani, unaweza kukuta lux 300. Ukuta mweupe unarudisha mwanga mwingi kuliko jiwe la granaiti, lakini hata ukilizingatia hilo, jiwe lililopigwa na jua linang'aa mara 80 hivi kuliko ukuta wa ndani. Hizo ni zaidi ya stopu 6. Jicho la mama aliyekaa sebuleni linazimudu, kwa sababu mboni inajirekebisha kila anapogeuza kichwa. Picha haina mboni.

Sababu ya kwanza, na ya haraka kuikagua kuliko zote, ni kurenda (kuiamuru programu izalishe picha) kwa mpangilio wa toni unaoitwa Standard. Huo unakata kila kilichozidi kijivu cha katikati kwa stopu 2.5 hivi. Jiwe lako liko stopu 6 juu, kwa hiyo halina pa kukaa. Filmic, iliyoingia kwenye Blender 2.79 mwaka 2017, inafika stopu 6.5 juu ya kijivu. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, faili jipya linafunguka likiwa na AgX, mpangilio mwingine wa toni unaobana mwanga uliozidi. Mbona basi bado tunaungua? Kwa sababu tunafungua mafaili ya zamani, au tunaazimana violezo, na mpangilio wa zamani unasafiri nao. Kagua hapo kwanza. Kwa V-Ray angalia Highlight Burn, ambapo 1 maana yake hakuna kubana, kisha ushuke taratibu. Kwenye Corona angalia Highlight Compression, ambapo 1 ni hakuna na ukipanda ndivyo inavyobana.

Sababu ya pili ni ekspoja iliyopimwa mahali pabaya. Mchoraji anataka chini ya meza paonekane, anapandisha, anapandisha tena, na dirisha linalipa gharama. Pima kwenye ukuta ulio karibu na dirisha. Kwenye False Color, ukuta huo ukae juu kidogo ya kijivu, ziwa likae kwenye njano, na nyekundu ibaki kwa vimetameta vya jua juu ya maji tu. Chini ya meza pawe na kivuli. Kila chumba halisi kina kivuli chini ya meza.

Sababu ya tatu ni ya hapa kwetu hasa: picha ya ziwa iliyopigwa kwa simu, ikabandikwa nje ya dirisha kwenye ubao ndani ya sini. Picha hiyo ya JPEG imeshapangwa toni ndani ya simu. Ukiipitisha kwenye Filmic au AgX inapangwa mara ya pili, na ziwa linatoka limepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Ukiuacha ubao na nguvu ya 1 huku jua la sini likiwa na nguvu zake halisi, ziwa linakuwa jeusi. Ukiipandisha sana, ubao unageuka taa: unamwaga mwanga ukutani na kuungua wenyewe.

Dawa yake ni hii. Zuia ubao usimulike chumba, yaani uonekane kwa kamera na kwenye vioo tu. Kisha panda au shuka na nguvu yake hadi ziwa liwe stopu 2 hivi juu ya ukuta wa ndani. Nasisitiza hizo stopu 2. Dirisha lenye mwanga sawa na ukuta linaonekana kama televisheni iliyotundikwa, na mteja atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kama una muda, panda mwenyewe pale kiwanjani upige picha kwa ekspoja tofauti, tuseme tano, kisha uziunganishe ziwe faili moja la EXR, aina ya faili inayohifadhi hata mwanga uliozidi. Ubao wa namna hiyo utaitikia ekspoja kama mwanga wa kweli.

Jambo moja kuhusu maji. Ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja, maji hurudisha asilimia 2 tu ya mwanga. Ukiyatazama kwa mshazari, kama tunavyoyaona kutoka milimani, yanageuka kioo cha anga, na jua la jioni likiwa mbele yako ile njia ya dhahabu juu ya maji itaungua tu. Iache iungue. Hata ukisimama pale Jiwe la Bismarck saa kumi na mbili jioni, macho yako yenyewe yanakwepa.

Sababu ya nne ni kuhifadhi JPEG kisha kujaribu kulirudisha ziwa baadaye. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, na nyeupe ya 255 haina chochote nyuma yake. Renda kwenye EXR. Hapo mwanga uliozidi bado umo, na unaweza kushusha dirisha peke yake kwa barakoa (kuchagua sehemu moja tu ya picha) bila kurenda upya. Njia ya ndani zaidi ni kutenga mwanga kwa makundi, jua na anga kundi moja, taa za ndani kundi jingine. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, inaweza hilo tangu Blender 3.2, na Corona na V-Ray wana Light Mix. Ukifika hapo, nenda kidogo kidogo. Picha nyingi zimeuawa na barakoa yenye pupa.

Dalili: picha yote imefifia, kama ina moshi

Anza na ukuta. Rangi nyeupe ya 255 kwa 255 kwa 255 inarudisha mwanga wote, jambo ambalo hakuna rangi ya dukani inaweza. Mwanga unadunda bila kuchoka, pembe za chumba zinapotea, na kurenda kunachukua muda mrefu. Weka ukuta mweupe kwenye 0.8 au chini yake. Hapa peke yake wengi wanapona.

Kisha tazama kama umepanga toni mara mbili: programu imeshaibana picha, nawe ukaifungua kwenye programu ya kuhariri na kuibana tena. Chagua mahali pamoja. Kuna pia ramani za ukwaru na za nundu, yaani picha zinazoiambia programu uso wa kitu ukoje, zilizosomwa kama picha za rangi. Hizo ni takwimu tu, ziambie programu hivyo. Na kama umetumia AgX, ujue inatoka na ukali mdogo kwa makusudi. Chagua mwonekano wenye ukali zaidi kwenye orodha iliyo chini yake kabla hujaanza kuongeza taa.

Taa za kujazia ndizo namalizia nazo kwa sababu zinaniuma. Kijana akiona kona ina giza anaweka taa isiyoonekana. Akiona nyingine, anaongeza. Mwishowe sebule ina vyanzo tisa na haina kivuli hata kimoja. Zizime zote, uone nini kimebaki.

Dalili: taa za jipsamu zimekuwa mstari wa bluu usio na uhai

Mikanda ya LED ya bluu na zambarau ndani ya dari la jipsamu inapendwa sana mjini, na inavunja picha kuliko taa yoyote. Bluu tupu, yenye nyekundu sifuri na kijani sifuri, haina njia ya kufifia kuelekea weupe inapozidi. Inagonga ukingo na kubaki doa bapa. Kwenye Standard ni mbaya zaidi, Filmic nayo huipotosha rangi, AgX inaivumilia vizuri. Badili mpangilio kwanza. Kisha ongeza kijani na nyekundu kidogo kwenye rangi ya mkanda, na ushushe nguvu yake hadi kingo za dari zionekane.

Kama chumba kizima kimekuwa cha njano au cha bluu, tazama joto la rangi. Balbu ya njano ni Kelvini 2,700, na zile nyeupe zilizojaa madukani ni 6,500. Ukichanganya hizo mbili na jua la Kelvini 5,500, kamera lazima ichague mmoja awe mweupe. Muulize mteja ananunua balbu gani. Wengi wetu tunachora za njano kwa sababu zinapendeza kwenye picha, kisha nyumba inafungwa nyeupe, na mteja anahisi alidanganywa.

Dalili: kwangu inapendeza, kwa mteja ni giza

Skrini yako imepandishwa mwanga hadi mwisho kwa sababu umekaa karibu na dirisha, basi. Unaipunguza picha bila kujua. Funga pazia, shusha skrini hadi karatasi nyeupe iliyo mezani na ukurasa mweupe vilingane, tazama tena. Tuma picha kwa sRGB, mfumo wa rangi wa skrini za kawaida. Iangalie kwenye simu mbili tatu za bei tofauti, maana mteja ataifungulia WhatsApp.

Bango la kiwanjani ni habari nyingine. Wino haung'ai, na picha yenye kivuli kizuri kwenye skrini inatoka na weusi kwenye turubai. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya mita zote. Kama rangi ni ya chapa ya kampuni au kazi ni ya fedha nyingi, simama hapo. Mpe mtu mwenye kifaa cha kupimia skrini na printa afanye ulinganifu. Kubahatisha kwenye turubai ya mita 6 ni kuchoma pesa ya mteja.

Dalili: kwenye video mwanga unapumua

Kamera ikigeukia dirisha chumba kinazama gizani, ikirudi kinafumbuka. Ni ekspoja ya kujiendesha, kawaida kwenye Unreal na programu nyingine za papo kwa papo. Izime, uweke namba moja ya kudumu. Kama njia ya kamera inatoka sebuleni hadi verandani, ibadilishe mwenyewe polepole kwa fremu muhimu.

Dalili: vidoti vyeupe kama chumvi

Vinaonekana hasa ukiinua vivuli. Sababu za kawaida ni sampuli chache (miale inayopimwa kwa kila nukta ya picha), taa ndogo mno yenye nguvu kubwa, au kioo na chuma kinachong'aa kikikusanya mwanga. Ongeza ukubwa wa taa, ongeza sampuli, washa kiondoa chembe. Clamp Indirect ya Cycles, inayowekea kikomo mwanga uliodunda, huanza na 10. Unaweza kushuka kidogo, ila ukifika 1 unaanza kuiba mwanga wa chumba na utarudi kwangu na dalili inayofuata.

Angalizo: ukiona visanduku vya rangi au mistari hata nje ya programu, kwenye skrini ya kawaida, au kompyuta inajizima katikati ya kazi, acha kurenda. Hilo ni joto, kadi ya michoro au umeme usiotulia. Safisha vumbi kwenye feni, na tumia UPS yenye uwezo wa kutosha. Zaidi ya hapo mwite fundi wa kompyuta. Usifungue kile kisanduku cha umeme cha ndani, kwa sababu vikapasita vyake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Dalili: nje ni mchana, sebule ni giza

Ficha kioo cha dirisha, renda tena. Chumba kikifunguka, kioo ndicho mwizi. Cycles inakichukulia kioo kama kitu kizito, jua likipita linageuka kuwa mwanga uliopinda, mgumu kuhesabu, na ukizima hesabu hiyo linapotea kabisa. Changanya kioo na kitu kinachopitisha miale ya kivuli moja kwa moja.

Kisha tazama midundo ya mwanga. Cycles huanza na 12 kwa jumla na 4 kwa nyuso zisizong'aa. Aliyepunguza hadi 1 ili kuharakisha amefunga mlango wa kona zote.

Jua nalo liwe la Mwanza. Tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na kwa kuwa saa yetu inafuata meridiani ya mashariki zaidi, jua linafika juu kabisa saa saba kasorobo hivi, si saa sita. Mwezi wa tatu na wa tisa, saa hiyo linakaa karibu utosini, haliingii ndani hata kidogo. Ukipakua anga ya HDRI (picha ya anga inayomulika sini) iliyopigwa Ulaya, jua lake la mchana liko chini na linaingia hadi jikoni. Hapa halitaingia hivyo. Sebule inayotazama ziwa upande wa magharibi itapata jua saa kumi na moja jioni, likiwa kati ya nyuzi 20 na 30 juu ya upeo. Kwa nyuzi 27, dirisha lenye ukingo wa juu wa mita 2.1 linaingiza jua mita 4 hivi sakafuni. Rendea saa hiyo.

Kama jua liko sawa na ni balbu tu zilizokufa, kagua vipimo vya nyumba. Modeli iliyoingia ikiwa kubwa mara 100 inapunguza mwanga wa balbu mara 10,000, wakati jua halibadiliki. Na wati za Blender si wati za kwenye boksi. Balbu ya lumeni 800 ni kama wati 2 tu humo, kwa hiyo ukiona umeandika 500 kwenye balbu moja, kuna kitu kingine kimeharibika.

Ukimaliza haya yote na kona bado ni giza, kuna sababu moja imebaki: nyumba yenyewe. Veranda ya mita 2.5, dirisha moja, vioo vyeusi vya kukinga jua. Picha yako imesema ukweli. Hapa usiongeze ekspoja wala taa ya siri. Nilishawahi kufanya hivyo kwa nyumba moja, nikasifiwa, na mwenye nyumba sasa anawasha taa saa nne asubuhi. Mwonyeshe mteja picha ya giza kama ilivyo, umwambie hii si kazi ya mchora picha. Msanifu aliyechora ramani atazame upana wa veranda na ukubwa wa madirisha. Mtaalamu wa taa apige hesabu ya lux kwa programu ya kazi hiyo, kama DIALux, kwa sababu picha ya kurenda haijawahi kuwa kipimo. Na wapigiwe simu kabla tofali hazijafika kwenye linta.